Gari Lililostaafu

Tulilinunua mnadani siku ya mvua,
gari la wagonjwa lililochoka wagonjwa.
Somoe alilizunguka mara mbili, akagonga bati kwa vidole
kama anavyogusa tumbo la mjamzito,
akasema: linapumua.

Mimi karani wa mizani, miaka thelathini na mmoja ghalani,
nilipima kwa futikamba: mita tatu na kidogo.
Upana, mkono wangu na wake tukinyoosha.
Humo tukaingiza maisha.
Vingine viligoma. Kabati la vyombo tuliliacha Chuno
pamoja na mpangaji, na mlimau,
na ugomvi wa mwaka tisini na tatu,
ambao tulipofika Mikindani tuliukuta umepanda nasi,
umekaa juu ya mtungi wa gesi, unatutazama.

Binti yetu hupiga simu kutoka Dodoma.
Mnalala wapi?
Kitandani.
Kitanda kiko wapi?
Leo Mingoyo. Kesho tutamuuliza fundi wa rejeta.

Asubuhi yeye hushuka kwanza, kinyumenyume,
maana goti la kushoto halipatani na ngazi.
Mimi nakunja godoro ndipo meza ipatikane.
Chai, na ming'oko ya jana.
Ndoano ya dripu siku hizi inaning'iniza vitunguu.
Redio inashika Msumbiji tu:
tunasikiliza habari za Kireno, tunatikisa vichwa kwa heshima.
Tukitaka kupishana, mmoja sharti akae.
Miaka arobaini ya ndoa, na sasa ndiyo tunajifunza
kubisha hodi pasipo na mlango.

Ndanda tulikaa siku nne kwa ajili ya maji.
Somoe akafua hata visivyochafuka.
Newala, kule juu, ndoo ina bei yake,
nikamwona ananawa uso kwa kikombe
akabakiza nusu, akanisogezea bila neno.
Nimepima magunia ya wilaya nzima.
Nusu kikombe ile sikujua niiandike wapi.

Gari tulilipaka kijani, mikono miwili,
lakini jua la huku lina ukaidi:
mstari mwekundu unarudi polepole, kama kovu.
Watu wanauona. Wanapunga.
Wakati mwingine ni lifti tu ya kwenda Masasi.

Kitangari, saa nane ya usiku, kiganja juu ya bati.
"Nesi yupo?"
Nikamjibu kutoka ndani ya shuka:
gari hili limestaafu, bwana.
Kimya.
Halafu nikasikia, nyuma yangu,
mtu anatafuta viatu gizani.

Mtoto hakutaka kungoja zahanati.
Nikatolewa nje na mito yangu miwili,
nikakaa juu ya ndoo, na yule baba, Nangumbi, juu ya jiwe.
Tulizungumza bei ya korosho mpaka alfajiri.
Tuliirudia bei ile ile mara kumi na tano,
na kila mara tuliishangaa upya.

"Karani!" akaita Somoe. "Njoo na mizani."
Ninayo moja, ya ndoano, ya samaki.
Tukafunga kanga, ncha nne, tukaning'iniza.
Mshale ukatetemeka. Nami pia.
Kilo tatu kasoro robo, wa kike.
Imo daftarini, kati ya dizeli na sabuni ya kipande.

Godoro tulilianika siku mbili,
doa halikutoka. Tumeligeuza.

Sasa tuko njia ya Mchinga, breki zinalia,
chumvi imeisha, na kila mmoja ana hakika
ni zamu ya mwenzake.
Kitanda ni futi tatu na nusu:
akigeuka, nageuka.
Jana usiku aliniuliza, sijui kama alikuwa macho,
alikuwa na kilo ngapi yule?
Nikamwambia.
Akageuka.